Je, Ni Kosa Kuicheka Evangelion? Wasomaji Wauliza, Tunajibu

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu kuhusu katuni za Kijapani zinahusu kazi moja, Neon Genesis Evangelion, mfululizo wa sehemu 26 ulioongozwa na Hideaki Anno na kuonyeshwa na TV Tokyo kuanzia tarehe 4 Oktoba 1995 hadi tarehe 27 Machi 1996. Kwa msomaji asiyeufahamu, ni hadithi ya Shinji Ikari, kijana wa miaka 14, ambaye baba yake aliyemtelekeza anamwita ghafla na kumtaka aingie ndani ya jitu liitwalo Eva ili apambane na viumbe wa ajabu wanaoushambulia mji. Majibu yetu yanafichua mwisho wa hadithi, kwa hiyo ambaye hajafika huko na asubiri.

SWALI: Mhariri, pokea salamu zetu kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi. Sisi ni vijana sita ambao hukutana kila Jumamosi jioni kuitazama Evangelion, na kila mmoja ana fasiri yake. Mmoja wetu anashikilia kwamba hadithi nzima inahusu stima, kwa sababu jitu lile haliwezi kupigana bila kuchomekwa waya. Mwingine anasema sehemu mbili za mwisho ni kikao cha ukoo: kijana amekalishwa katikati, wakubwa wanamhoji hadi anakubali, kisha makofi yanapigwa na chai inaletwa. Huwa tunacheka hadi jirani anagonga ukuta. Kaka wa mwenzetu, aliyeitazama kabla yetu, anatukemea kwamba tunaidharau kazi ya mtu aliyeumia. Je, tumekosa?

JIBU: Hamjakosa, na wa stima ana ushahidi mwingi kuliko anavyodhani. Eva huunganishwa na umeme kwa waya mnene mgongoni, na waya huo ukikatika hubakiwa na akiba ya dakika tano tu. Itazameni tena sehemu ya tatu, pale Shinji anapokataa amri ya kurudi nyuma na kumvamia adui kwa kisu huku tarakimu za muda zikiporomoka kuelekea sifuri. Katika sehemu ya sita, umeme wa Japani nzima unakusanywa ili kufyatua risasi moja, na taa zinazimika nchi nzima. Katika sehemu ya 11, umeme wa mji wote unakatwa, na wafanyakazi, pamoja na kamanda mwenyewe, wanayaandaa majitu kwa kuvuta kamba kwa mikono. Baada ya vita watoto watatu wanaoyaendesha majitu hayo wanalala kilimani wakitazama nyota, hadi taa za mji zinapowaka tena. Mkazi yeyote wa Nairobi ambaye amewahi kusikia mtaa mzima ukishangilia kwa pamoja stima inaporudi ataielewa picha hiyo bila kuelezwa na mtu.

Fasiri ya kikao imenifurahisha zaidi, ingawa nadhani inafika nusu ya safari. Ni kweli kwamba Shinji anaonekana ameketi kwenye kiti cha kukunja ndani ya ukumbi wa giza, taa ikimmulika, na swali linamrudia: kwa nini unaiendesha Eva? Ni kweli pia kwamba mwishoni watu wote aliowahi kuwajua wanamzunguka, wanampigia makofi na kumwambia mmoja baada ya mwingine, "Omedetō," yaani hongera. Hata hivyo, wakubwa wa ukoo huja kikaoni wakiwa na hukumu yao, na kijana hutoka akiwa ameagizwa la kufanya. Hapa hakuna anayetoa hukumu, kwa kuwa wanaomhoji wote wanazungumza ndani ya nafsi yake. Kuna mahali Shinji anachorwa akielea katika ukurasa mweupe mtupu, anaambiwa kwamba huo ndio uhuru kamili, na anaogopa. Ndipo unachorwa mstari mmoja chini ya miguu yake, akaelezwa kwamba uhuru wake umepungua kidogo lakini sasa ana mahali pa kusimama. Mwenzenu na aitazame sehemu hiyo taratibu, kisha awaambie ni mzee yupi wa ukoo aliyeuchora mstari ule.

Kaka yenu naye asipuuzwe. Anno alieleza wazi kwamba aliiandaa kazi hii baada ya miaka minne ya kuwa mtu aliyevunjika, asiyeweza kufanya lolote, na uchungu huo unaonekana. Lakini ni Anno huyohuyo ambaye, katikati ya sehemu ya mwisho, anatuonyesha Shinji mwingine kabisa: mama yuko hai na anaosha vyombo, baba anasoma gazeti, na Rei, yule msichana mkimya kupita wote, anakimbilia shuleni akiwa na kipande cha mkate mdomoni. Mwenye kazi aliucheka ulimwengu wake mwenyewe katika saa yake nzito kuliko zote. Sisi nasi tumelelewa na vibanda vya video ambamo DJ Afro alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, watu wakacheka, na hakuna aliyetoka nje akiwa hajui nani alikufa na kwa nini. Kwa hiyo chekeni, ila kila anayetoa fasiri aulizwe ameliona wapi hilo analolisema. Jirani, hata hivyo, mwombeni radhi.

SWALI: Mimi ni mama na mwalimu wa shule ya Jumapili, Buruburu. Wanangu wawili wanatazama katuni ambamo majitu yanawaua "malaika", na misalaba ya moto inapaa angani. Mdogo, mwenye miaka 11, anacheka kwamba malaika hawa wanakuja mmojammoja kwa zamu, kama matatu stejini. Nina wasiwasi kwamba wanadhihaki imani.

JIBU: Mama, wasiwasi wako una msingi, lakini sehemu yake inatokana na tafsiri. Katika Kijapani viumbe hao huitwa "shito", neno linalotumika kwa mitume wa Yesu. "Malaika" limetoka kwenye Kiingereza, ambacho waundaji wenyewe walikiandika kwenye skrini. Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa kuwa mtume kwetu ni aliyetumwa, na swali la nani aliyewatuma viumbe hawa ndilo linalowasumbua wahusika. Kazuya Tsurumaki, aliyekuwa msaidizi wa Anno, amewahi kueleza kwamba alama za Kikristo zilichaguliwa kwa sababu ni ngeni na zenye fumbo kwa Wajapani, na zingeutofautisha mfululizo huu na hadithi nyingine nyingi za maroboti. Sioni dhihaka ndani yake. Hata mzaha wa zamu ni wa mtoto anayetazama kwa makini, maana ndivyo hadithi za aina hii zilivyopangwa kwa miaka mingi: kila wiki adui mmoja.

Kinachonitia hofu mimi ni umri wake. Sehemu za mwisho zina ukatili na mateso ya akili, na filamu ya mwaka 1997, The End of Evangelion, ambayo inaumalizia mfululizo huu kwa njia nyingine, ina matukio ya kingono na mauaji ya kutisha. Mtoto wa miaka 11 na angoje. Mkubwa, kama ameingia kidato, mtazame pamoja na mwulize maswali.

SWALI: Katika sehemu ya 22 wasichana wawili wamesimama ndani ya lifti bila kusogea. Tulidhani bando limeisha, tukazima simu na kuiwasha mara mbili. Je, lifti imekwama? Na kwa nini pengwini anaishi kwenye friji? Msomaji, Ngara.

JIBU: Lifti inakwenda, ndugu yangu; sikiliza mlio wake. Picha hiyo imeachwa vile karibu dakika nzima, na ingawa inajulikana kwamba watayarishaji walibanwa vibaya na muda, Asuka na Rei hawana la kuambiana, na kila sekunde inatubana pamoja nao.

Pen Pen ni pengwini wa chemchemi za maji moto, anapenda kuoga, na friji ile ndiyo chumba chake katika nyumba ya Misato, afisa anayeishi na Shinji. Kwangu mimi ndiye mpangaji pekee katika hadithi nzima asiye na ugomvi na mtu. Sasa fika sehemu ya 24, wakati mji umeharibiwa na watu wanahama, umwone Misato akimuaga ili akaishi na familia nyingine. Baada ya hapo friji inabaki bila mwenyewe, na nyumba ile haichekeshi tena.