Kabati la mkate la Provence: mwenzenu nilipigwa

Juzi mdogo wangu mmoja kanitumia meseji, "dada nakuja Ufaransa mwezi wa nane, nataka fanicha ya kale, niende wapi?" Nikacheka peke yangu jikoni, maana kabati lenyewe liko ukutani linanitazama.

Nenda L'Isle-sur-la-Sorgue, karibu na Avignon, huko Provence, kusini mwa Ufaransa. Mji mdogo, mto umeuzunguka, magurudumu ya maji ya zamani yameota ukijani yanazunguka taratibu, na Jumapili wauza vitu vya kale wanajipanga kando ya maji. Pasaka na katikati ya Agosti ndo usiseme, hapasogeki.

Mimi nilikuwa nimeishikia roho panetière, kabati la mkate la kutundika ukutani, vijiti vilivyokerezwa kila upande ili mkate upate hewa, mbao ya mjozi, nakshi za masuke ya ngano. Chini yake walikuwa wanaweka sanduku la kukandia unga. Muuzaji akasema karne ya 18, akanionyesha matundu ya wadudu, na mimi, mtoto wa fundi seremala wa Tanga jamani, nikatoa yuro 900 bila hata kuligeuza!

Baba kwenye simu ya vidio akasema tu, "geuza nyuma nione." Mgongoni kuna mifereji ya wadudu imelala waziwazi juu ya ubao. Mdudu anakula ndani kwa ndani, nje anaacha kitundu tu, ukiona mfereji uko wazi ujue ubao umerandwa baada ya kuliwa, yaani mbao kuukuu kabati jipya. Na skrubu zenye alama ya kujumlisha, karne ya 18 zilitoka wapi? Baba akakohoa, akauliza habari za watoto. Kikohozi kile kinaniuma kuliko hela.

Kwa hiyo geuza. Vuta droo, pitisha mkono nyuma, geuza tena. Na kabla ya soko pitia mji wa Arles, Museon Arlaten, makumbusho aliyoanzisha mshairi Frédéric Mistral na hela ya Nobel ya 1904 akaimwagia humo, ukakae na vitu vya kweli mpaka jicho lizoee. Nyie mnakimbilia kupiga picha mtoni, mkifika kwa muuzaji mnaona haya kuinama. Inama! Mwenye mali halisi atakusaidia kuligeuza.

Langu sijaliuza. Naweka vitunguu, na kwa kweli haviozi.