Roboti ya kugeuza dagaa: anzia kwenye mchanga, bodi itafuata

Mkuu, umesema umeshanunua Arduino, ile bodi ndogo ya kupangia programu, na kamera, na unauliza uzingatie nini ili utengeneze roboti ya kugeuza dagaa juani. Mimi niliijaribu kazi hiyo hiyo hapa Kigoma, kwenye mwalo wa Kibirizi, na nilianza na bodi kama wewe. Kamera iweke kabatini kwanza. Nenda mwaloni alfajiri dagaa wanapoanikwa, ukae mpaka wanapokusanywa.

Yangu ilikuwa na kilo 18, na reki nyepesi nyuma. Kwenye sakafu ya saruji nyumbani ilitembea vizuri sana. Mwaloni haikumaliza mita tatu. Magurudumu yalichimba mchanga yakazama, mota zikakwama, na bodi ya kuendeshea mota, ile L298N, ikaanza kutoa harufu ya kuungua. Bodi hiyo hubeba ampea 2 kila upande, na mota iliyokwama huvuta umeme mara kadhaa kuliko inayozunguka. Basi chagua bodi kwa kuangalia mota ikiwa imekwama, na fyuzi usiiache.

Kilichoniokoa ni mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki. Niliifunga mbele ya roboti kwa kamba nikaivuta taratibu. Kwenye saruji haikufika kilo 1. Kwenye mchanga mkavu ikasoma karibu kilo 6! Hiyo ni kama nyutoni 59. Kwa gurudumu ambalo toka ekseli hadi ukingoni ni sentimita 10, nguvu ya kuzungusha inakuja karibu nyutonimita 6, yaani 3 kwa kila mota kati ya mbili. Mimi nilizidisha mara mbili, kwa sababu mwalo umejaa mashimo ya nyayo. Nikaweka matairi mapana na mota za waipa za gari: zinazunguka taratibu, zina nguvu, na gereji zipo. Hilo la kupatikana lizingatie sana. Mota ikifa saa nne asubuhi dagaa wakiwa juani, huwezi kusubiri kifurushi kutoka Dar.

Betri nayo ina mtego wake. Ya asidi ya volti 12, ampea-saa 7, mota zikivuta ampea 6 kwa pamoja, kwa hesabu ni saa moja na kidogo. Lakini ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo hesabu nusu saa. Ukiongeza betri umeongeza uzito, na uzito unazamisha magurudumu. Rudi kwenye mizani kila unapoongeza kitu.

Sasa lile ambalo hesabu haikuniambia. Bibi mmoja mwenye dagaa aliitazama mashine akaniuliza: "Mwanangu, hayo magurudumu yatapita wapi?" Aliinama akaokota dagaa mmoja aliyekanyagwa, akaniwekea kiganjani: kichwa kimekatika, tumbo limepasuka, mchanga umeingia ndani. Huyo hauziki kwa bei ya mzima. Nikapanua fremu ikafika sentimita 120, naye akakubali kutandaza kwa mistari ya mita moja, magurudumu yapite pembeni. Reki nayo nikaitoa, maana meno yake yalinasa kwenye wavu uliotandikwa chini. Nikafunga fagio laini. Kama wenzako wanaanika kwenye chanja, muundo huu wote haukufai, kwa hiyo hilo liulize kabla ya kukata hata chuma kimoja. Na grisi isiwe mahali inapoweza kudondokea chakula cha watu.

Watoto hawakosekani mwaloni. Weka swichi kubwa nyekundu inayokata umeme wa mota moja kwa moja, isipitie kwenye programu, kwa sababu programu ikiganda ndipo unapoihitaji. Sensa ya mawimbi ya sauti, ile ya kutambua kilicho mbele, usiitegemee peke yake. Nguo laini hairudishi sauti vizuri. Mimi niliongeza bampa yenye swichi mbele, ikigusa kitu mota zinasimama.

Ukishapima, weka hapa kilo ulizopata na upana wa matairi yako, tupige pamoja hesabu ya betri.