"Sasa hivi" kwa Kihispania

Ni "ahora mismo". Inaeleweka kuanzia Madrid hadi Buenos Aires, kwa hiyo "ahorita", neno jingine linalotafsiriwa "sasa hivi", lisiwe chaguo lako la kwanza. Nasema hivyo kwa sababu "ahorita" hubadilika maana kulingana na nchi: Mexico inaweza kuwa sasa hivi, baada ya dakika chache, au baadaye tu bila muda maalumu, Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika mara nyingi ni "baadaye". Ukiwa na jambo la haraka, itakuchanganya kweli.

"Ahora" peke yake ni "sasa", ila nayo husogea mbele kidogo: "ahora voy" ni sawa na "nakuja", hata kama mtu bado hajainuka. Kwa "siku hizi" tumia "hoy en día" au "actualmente".

Angalia pia kitenzi. "Ninakula" yetu inatosha kwa yote, lakini wasemaji wa Kihispania wakitaka kusisitiza kwamba mtu yumo katikati ya kula husema "estoy comiendo". "Como" mara nyingi huonyesha mazoea: "como a las dos", yaani huwa nakula saa nane mchana.