Bakapu ya Elasticsearch inafeli kila usiku: kabla hujabadili laini, iulize seva yenyewe

Mkuu, nimesoma ulichoandika tangu juu. Uko Tabora, seva ya Elasticsearch (programu ya kutafuta ndani ya data nyingi) iko Dar es Salaam kwenye kituo cha data mlichokodi, skripti ya bakapu inafyatuliwa na cron (kipanga ratiba) kwenye kompyuta ya ofisini kwenu, na asubuhi unakuta ama "imefeli" ama logi tupu. Wadau wamekushauri ubadili laini ya intaneti. Naomba usitoe hata shilingi kwanza.

Mimi niko Kigoma, nahudumia seva ya kutafutia nyaraka zilizoskaniwa, na yangu iko mbali kuliko yako, Ujerumani. Huku kwetu kila kikikwama kitu lawama inaenda kwa mtandao, na siku nyingi unastahili. Ila snapshoti, yaani bakapu ya Elasticsearch, haipitishi data kwako. Nodi zenyewe, yaani mashine zinazoendesha Elasticsearch, ndizo zinazosoma indeksi (mafungu ya data) na kuandika moja kwa moja kwenye repozitori (mahali pa kuhifadhia bakapu), iwe folda ya NFS inayoshirikiwa kwa mtandao au hifadhi ya wingu ya aina ya S3. Kinachotoka Tabora ni amri ya maneno machache tu. Ukimpigia wakala wa Dar ahamishe mzigo kutoka ghala moja kwenda jingine, simu ikikatika katikati mzigo haurudi ulikotoka.

Hapo ndipo skripti nyingi zinapodanganya, tena kwa pande zote mbili.

Nimeona kwenye skripti yako umeweka wait_for_completion=true. Maana yake curl, programu inayotuma amri kwa seva, inakaa imeshikilia laini mpaka snapshoti iishe. Laini ikiyumba saa nane usiku, curl inakata tamaa na skripti inaandika "imefeli", huku seva ikiendelea na kazi bila habari. Kisha skripti yako inajaribu tena kwa jina lile lile, seva inakataa kwa sababu jina hilo lipo tayari, na wewe asubuhi unaona makosa mawili juu ya bakapu ambayo huenda imekamilika salama. Kwenye matoleo ya zamani ni zaidi ya hapo: seva haikubali snapshoti mbili kwa wakati mmoja, inakurushia concurrent_snapshot_execution_exception, na mtu anadhani repozitori imeharibika.

Upande wa pili ndio unaonitisha. Ukiondoa wait_for_completion, seva inajibu accepted: true. Hiyo ni "nimesikia", siyo "nimemaliza". Na curl kwa kawaida inatoka na sifuri hata seva ikiijibu kosa la 400 au 500, maana kwake ombi limefika na jibu limerudi. Kwa hiyo skripti inaandika "imefanikiwa" miezi na miezi bila snapshoti hata moja. Weka --fail, au --fail-with-body kama curl yako ni 7.76 au zaidi, maana hiyo inakuachia na maandishi ya kosa.

Kwa hiyo asubuhi usianze na logi ya skripti. Anza na GET _snapshot/jina_la_repozitori/_all, usome palipoandikwa state. SUCCESS inajieleza. IN_PROGRESS, iache imalize. FAILED, soma sababu iliyoandikwa pale pale. PARTIAL ndiyo watu wanaipita: snapshoti ipo, ina jina na tarehe, lakini baadhi ya shadi (vipande vya indeksi) hazimo. Angalia orodha ya failures, kisha angalia hali ya klasta (nodi zote kwa pamoja). Ikiwa nyekundu, kuna shadi kuu haipatikani, na hakuna bakapu itakayonakili kitu ambacho seva yenyewe haina. Njano haizuii chochote.

Ikiwa kosa linataja repozitori, tuma POST _snapshot/jina/_verify. Hii inazilazimisha nodi zote ziandike na kusoma pale, na inakutajia nodi iliyoshindwa. Wengi wanakwama kwenye path.repo, mpangilio unaotaja folda ya repozitori: lazima iwe kwenye elasticsearch.yml ya kila nodi kuu na kila nodi ya data, na haifanyi kazi mpaka nodi iwashwe upya. Kama unatumia Docker, njia hiyo ni ya ndani ya kontena, siyo ya mashine yako. Halafu kuna ruhusa za NFS. Mtumiaji elasticsearch anaweza kuwa na namba moja kwenye nodi hii na nyingine kwenye nodi ile, na NFS haijali jina, inajali namba. Nodi moja inaandika, jirani yake inanyimwa. Piga id elasticsearch kwenye kila mashine, ulinganishe.

Kisa kimoja cha seva niliyokabidhiwa, toleo la 6. Ilizimwa na kuwashwa upya na mtoa huduma, NFS haikujipachika. Folda ya kupachikia ilikuwepo bado, tupu, na elasticsearch alikuwa na ruhusa ya kuandika humo. Seva ikaona repozitori mpya kabisa, ikaanza kumwaga nakala nzima ya kila kitu kwenye diski ile ile yenye data. Hakuna kosa popote, state ni SUCCESS. Diski ilipogonga asilimia 95, Elasticsearch ikafunga indeksi zisiandikwe, watumiaji wakaanza kulalamika kwamba nyaraka mpya hazionekani kwenye utafutaji. Nani angeanza kutafuta chanzo kwenye bakapu? Kwenye toleo la 6 kizuizi hicho hakiondoki chenyewe hata ukisafisha diski, unakiondoa kwa mkono kwa kufuta mpangilio wa index.blocks.read_only_allow_delete. Tangu 7.4 kinajiondoa nafasi ikipatikana. Dawa ya chanzo ni rahisi: folda ya kupachikia imilikiwe na root (msimamizi mkuu wa mashine), ili NFS isipokuwepo uandishi ugome kwa kelele.

Kama unahifadhi kwenye S3, angalia funguo zilizomo kwenye keystore (hifadhi ya siri) ya kila nodi, na saa ya seva. Ikipishana na saa ya S3 kwa zaidi ya dakika 15, maombi yanakataliwa.

Jambo la saa lina jingine. Majina ya snapshoti yanayotengenezwa na seva kwa now/d (tarehe ya leo) yanafuata UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. Bakapu ya saa nane usiku ya Tabora inabeba tarehe ya jana. Nadhani "bakapu ya Jumatatu iliyopotea" uliyoitaja ni hiyo, itafute kwenye jina la Jumapili.

Mdau aliyeshauri rsync (kunakili mafaili moja kwa moja) ya folda ya data wakati seva inafanya kazi, hapana. Mafaili ya Lucene, injini iliyo ndani ya Elasticsearch, yanaunganishwa na kufutwa muda wote, utanakili vipande visivyolingana. Nakala inaweza hata kuwaka vizuri, halafu inakosa data kimya kimya. Vile vile usifute mafaili ndani ya repozitori kwa rm ili kupata nafasi. Snapshoti zinashirikiana mafaili, futa kwa DELETE kupitia seva.

Ningekuwa wewe, ningeachana na cron ya ofisini. Umeme wa Tabora ukikatika saa hizo, skripti haipo. Tangu 7.4 kuna SLM, sera ya snapshoti inayokaa kwenye klasta yenyewe na inapatikana hata kwenye leseni ya bure. Unaiambia saa (kwa UTC), jina, indeksi zipi, na kuanzia 7.5, ibakize ngapi. Kompyuta yako ibaki na kazi ya kuuliza asubuhi tu, na swali lile hata laini mbovu inalimudu. Na kama poti 9200, mlango wa Elasticsearch, iko wazi kwa dunia nzima ili skripti ifike, ifunge leo, upite kwa SSH (njia salama iliyosimbwa).

Kisha rejesha indeksi moja ndogo kwa jina jingine, ukitumia rename_pattern na rename_replacement, uhesabu nyaraka kwa _count. Ukijaribia kwenye mashine nyingine, toleo lake lisiwe la zamani kuliko lililotengeneza snapshoti, na repozitori uisajili kule kwa readonly: true, klasta mbili zisiandike mahali pamoja.

Fanya ile GET kwanza, uweke hapa jibu lote, namba ya toleo na aina ya repozitori. Futa nywila na anwani ya seva kabla hujabandika.