Tangazo la iOS 26 lisome kuanzia chini

Juni 9, 2025, saa 2 usiku kwa saa zetu, nilikuwa sebuleni na mdogo wangu tukiangalia Apple wakitangaza mifumo yao mipya kutoka Cupertino. Bando langu la wiki liliishia palepale. Mdogo wangu ana iPhone XR aliyoinunua Kariakoo mwezi Januari, ya mtumba lakini safi, na kila kilichotokea kwenye skrini alikipigia makofi: aikoni za kioo, vitufe vinavyometameta, simu inayompokea mtu usiyemjua na kumuuliza shida yake kabla haijakusumbua. "Dada, Septemba mbali!" akawa anasema.

Asubuhi nikafungua orodha ya simu zitakazopokea iOS 26, huo mfumo mpya wa iPhone. Inaanzia iPhone 11, pamoja na iPhone SE kizazi cha 2. XR, XS na XS Max, zote za mwaka 2018, hazimo. Nilimpa asome mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia muuzaji alimwapia kwamba simu ile itasasishwa "mpaka uichoke".

Matangazo haya yamepangwa kama biriani ya shughuli: nyama juu, wali chini. Kinachong'aa kinatangulia, masharti yanakaa mwisho kwa herufi ndogo. Mimi siku hizi naanza na zile herufi ndogo. Kule ndiko kunaandikwa kifaa gani kinahusika, lugha zipi, nchi zipi. Nikishamaliza hapo ndipo narudi juu kutazama mapambo, na mara nyingi nakuta nusu yake hayanihusu.

Kabla sijaenda mbali: msihangaike na ile namba kuruka kutoka 18 hadi 26. Hamjapitwa na matoleo saba. Apple wameamua mifumo yao yote, ya simu, kishikwambi, saa na kompyuta, ibebe namba moja inayotokana na mwaka unaofuata tangazo, yaani 2026.

Sasa tuyatazame yale yaliyopigiwa makofi. Yale ya akili mnemba (AI) yanataka iPhone 15 Pro kwenda juu. iPhone 15 ya kawaida haihesabiki, na watu wengi huwa hawaamini nikiwaambia hivyo. Mimi natumia iPhone 13, kwa hiyo napata iOS 26 lakini sehemu hiyo nzima naisoma tu. Tafsiri ya papo kwa papo kwenye simu na ujumbe imetangazwa kwa mbwembwe nyingi, Kiswahili hakimo. Unataka kumsomea mgeni wa Kichina bei ya kitenge, Google Translate yako ileile inajua Kiswahili na haiulizi simu yako ni ya mwaka gani.

Ule uchujaji wa simu ndio ulionichekesha. Mtu mwenye namba usiyoihifadhi akipiga, simu inampokea yenyewe, inamuuliza jina na sababu, halafu wewe unasoma majibu na kuamua. Kwa anayesumbuliwa na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ni dawa. Lakini hilo roboti halisemi Kiswahili. Mfikirie shangazi yako wa Tanga, amebadilisha laini, anapiga kukupa habari ya msiba, anapokewa na sauti ya Kizungu inayomhoji. Atakata, atampigia mama yako, na kufika jioni ukoo mzima utakuwa umeambiwa mtoto amepata kiburi cha mjini. Mimi sitaiwasha. Biashara yangu ni kadi za harusi na za michango, na nusu ya wateja wananipigia mara ya kwanza kwa namba nisizozijua.

Kura ndani ya Messages, programu ya ujumbe ya Apple, ni nzuri kwa watu wa Marekani. Kamati za harusi za huku zinakaa WhatsApp, na WhatsApp ina kura tangu 2022.

Vitu nilivyovipenda ni vidogo na havikupigiwa makofi. Simu ikiwa kwenye chaji, itakuonyesha dakika zilizobaki kufika kiwango fulani. Kwa mtu anayesubiri umeme usikatike tena, hiyo ni taarifa ya maana. Muda wa kuahirisha kengele ya asubuhi utaweza kuupanga mwenyewe, dakika 1 hadi 15, badala ya zile 9 tulizopangiwa miaka yote hii. Na kuna programu ya Preview, ambayo wenye kompyuta za Mac wanaijua, imekuja kwenye simu na kishikwambi: unafungua PDF, unaandika juu yake, unasaini, unamrudishia mteja. Nimewahi kulipia programu ya pembeni kwa kazi hiyohiyo.

Ila habari kubwa ya mwaka 2025, kwangu mimi, ni kishikwambi. Neno lenyewe wengi tulilizoea kwenye sensa ya 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba navyo, na bado kuna watu wanadhani kishikwambi ni kitu cha serikali. Changu ni iPad kizazi cha 8, ya mwaka 2020. Hapa kuna jambo la kuchekesha: chipu iliyomo ni A12, ileile iliyomo kwenye XR ya mdogo wangu. Simu imeachwa, kishikwambi kimebebwa. Sijui nimwelezeje mtoto wa watu akaelewa. Iliyoachwa upande wa vishikwambi ni iPad kizazi cha 7, kwa hiyo ukiuziwa moja ya mtumba, geuza nyuma usome namba ya modeli, uitafute kabla hujatoa hela. Kwa macho, cha 7 na cha 8 vinafanana kama pacha.

Mwishoni mwa Julai nilikiwekea toleo la majaribio la iPadOS 26, mfumo wa iPad, lile la umma ambalo ni bure. Kwa mara ya kwanza kwenye kishikwambi changu programu zinakaa kwenye madirisha halisi unayoyavuta kona, kuyapunguza, kuyapanga ubavuni, kama kwenye kompyuta. Ukivuta kidole toka juu inateremka menyu. Folda unaweza kuiweka chini kwenye safu ya aikoni na kuifungua kwa mguso mmoja. Kazi yangu ilivyo, nahitaji orodha ya majina aliyotuma katibu wa kamati upande mmoja na kadi ninayoichora upande wa pili. WhatsApp ya iPad yenyewe ilitoka Mei 2025, kwa hiyo vitu hivi viwili vilikutana wakati mzuri. Kadi 80 za majina, ambazo zamani nilizifanya kwa kurukaruka kati ya simu na kishikwambi nikikosea "Bw. na Bi." kila dakika, niliziandika kwa kikao kimoja.

Sitaki kudanganya lakini. Kifaa changu kina RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 3, na Apple wenyewe walisema vifaa vya zamani vitabeba madirisha machache kwa wakati mmoja. Mawili, sawa. La tatu nikilifungua, la kwanza nalirudia linaanza kupakia upya kama halijawahi kuniona. Anayetaka kununua iPad mpya kwa ajili ya madirisha tu, aombe dukani aguse mwenyewe, afungue manne, aone.

Na ule muonekano wa kioo, wanaouita Liquid Glass, ambao ndio mabadiliko makubwa zaidi ya sura tangu iOS 7 ya mwaka 2013? Ndani ya nyumba unapendeza. Juani, saa saba mchana, ukiwa kituo cha daladala unatafuta ujumbe wa mteja, maandishi yanazama ndani ya picha iliyo nyuma yake. Julai walipunguza uwazi kwenye toleo moja la majaribio, kisha wakaurudisha kidogo kwenye lililofuata, kwa hiyo hata wao walikuwa bado wanapimapima chumvi. Ukikusumbua, ingia Settings, sehemu ya Accessibility, kwenye mambo ya skrini na maandishi, uwashe Reduce Transparency. Nimeitaja kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo utakavyoiona. Android ina menyu za Kiswahili miaka mingi sasa, iPhone bado.

Mliniuliza sana kama muweke toleo la majaribio mapema au msubiri toleo kamili. Jibu langu lina kovu. Julai 2023 niliweka la iOS 17 kwenye simu yangu ya pekee, kwa ajili tu ya kuwatambia watu. Siku ya tatu programu ya benki ikawa inafunguka sekunde mbili na kujifunga. Ilikuwa Jumamosi, niko kwa mpiga chapa, kadi 200 ziko juu ya meza, bwana harusi ananisubiri nje kwenye bodaboda. Nikapiga *150*00#, menyu ya M-Pesa ikaja bila kujali nimeweka mfumo gani, lakini hela zote zilikuwa benki. Yule mzee akanipa mali kauli kwa aibu yangu mwenyewe. Jumatatu nikaamua kurudi iOS 16, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba bekapu (nakala ya akiba) iliyotengenezwa kwenye toleo jipya haikubali kurudishwa kwenye toleo la zamani. Simu ikafutwa, picha za wiki tatu zikaenda nayo.

Kwa hiyo safari hii simu yenye benki sikuigusa. Nilijaribu kwenye kishikwambi tu, na kabla ya hapo mafaili yote ya wateja niliyahamishia kwenye kompyuta, pamoja na bekapu kamili niliyoitengeneza kwa waya nikiwa bado kwenye iPadOS 18. iCloud ya bure ni GB 5, haitoshi hata picha za send-off moja. Kama huna kompyuta, azima. Fundi akikuambia bekapu haina haja, tafuta fundi mwingine.

Toleo kamili miaka hii hutoka Septemba. Mwaka 2024 lilikuwa Septemba 16. Siku hiyo msikimbilie. Subiri hata wiki mbili, usome wenye benki kama yako wanasemaje, uone sasisho dogo la kwanza la kurekebisha makosa limetoka. Pakua kwa Wi-Fi ya mtu anayekupenda maana ni gigabaiti kadhaa. Mwenye iPad ya GB 32 atakuta inakataa kwa kukosa nafasi. Asifute picha za watoto, aunganishe kwenye kompyuta kwa waya asasishe kutokea huko, inahitaji nafasi ndogo zaidi ndani ya kifaa. Halafu siku mbili tatu za mwanzo betri itaisha haraka na simu itapata joto, kwa kuwa inapanga upya picha na mafaili kimyakimya. Usiipeleke kwa fundi siku hiyo, atakuuzia betri.

Wa Android msidhani nimewasahau. Android 16 ilitoka Juni 10, siku moja tu baada ya tangazo la Apple, ila ilianza na simu za Pixel, zile za Google. Nyingine zilisubiri mtengenezaji wake. Hapo swali la kumuuliza muuzaji ni moja: hii modeli imeahidiwa masasisho ya miaka mingapi? Galaxy S24 ya Samsung iliahidiwa 7, Galaxy A16 ikaahidiwa 6, na hiyo A16 si simu ya matajiri. Zipo nyingi za bei ya chini ambazo hakuna ahadi yoyote iliyoandikwa, na muuzaji akijibu "zinasasishwa tu", jua hajui.

Nirudi kwa mdogo wangu, maana tangu Juni ananishawishi nimwongezee hela auze XR achukue iPhone 11. Nimekataa. Kuachwa na iOS 26 hakuui simu. Apple wana desturi ya kuendelea kutoa marekebisho ya usalama kwa simu walizoziacha: iPhone 5s, simu ya 2013, ilipata lake Januari 2023. Kinachoua simu huku kwetu ni WhatsApp kukataa kufunguka, na mwaka 2025 WhatsApp iliachana na iOS zilizo chini ya 15.1. XR iko iOS 18. Kutoka hapo hadi kukataliwa ana muda wa kutosha wa kuweka akiba, na akiruka aruke mbali kuliko iPhone 11, ambayo ndiyo ya kwanza kwenye orodha ya iOS 26 na hivyo ndiyo iliyo karibu zaidi na mlango wa kutokea.

Kinachomsumbua kweli, nilivyomchunguza, si mfumo. Afya ya betri yake imeshuka hadi asilimia 79, na simu inazima saa kumi jioni akiwa bado chuoni. Jumamosi tunakwenda kubadilisha betri. Nimemwambia nitalipa mimi, kwa sharti moja, kwamba asinunue tena simu Kariakoo bila kunitumia namba ya modeli kwanza.