Betri chakavu za gari: usimwage maji yake

Mkuu, umeuliza ufanyeje na betri 3 za gari zilizokufa hapo Mwanjelwa, Mbeya: usimwage tindikali (maji ya betri) mtaroni, hata mnunuzi wa chuma chakavu akidai anapima betri ikiwa kavu. Maji hayo yameshabeba madini ya risasi, na risasi haiozi. Inabaki kwenye udongo wa bustani. Zisimamishe wima ndani ya beseni la plastiki, kivulini penye hewa, vichwa vya kuungia nyaya umevifunga solotepu visije vikagusa chuma na kupiga shoti. Iliyopasuka itenge kwenye ndoo ya plastiki. Palipomwagika nyunyiza magadi mpaka mapovu yaishe (vaa glovu). Ukinunua mpya, muulize muuzaji kama anapokea ya zamani na kupunguza bei. Vinginevyo, ofisi ya NEMC (baraza la mazingira) Mbeya wakutajie mkusanyaji mwenye kibali. Wanaoyeyusha risasi uani kwa mkaa, usiwape kabisa.