Vyuo Vingapi vya Uuguzi wa Usingizi? Anza kwa Kuhesabu Usaili

Wauguzi wenzangu tulioko Marekani, hasa tuliotoka Kenya na Tanzania, wananiuliza swali hili kila msimu wa maombi unapokaribia: "Dada, nataka kusomea usingizi na ganzi niwe CRNA, muuguzi mwenye cheti cha kutoa usingizi. Nitume maombi vyuo vingapi?" Mmoja ameambiwa na wenzake wa zamu kwamba asipotuma kumi na tano hapati kitu. Mwingine ameambiwa kwamba ukiwa na GPA nzuri (wastani wa alama za chuo) na uzoefu wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, kimoja kinatosha. Jibu langu kwa wengi wetu ni vyuo vinne hadi sita. Naandika haya ili ujue nambari hiyo inatoka wapi, maana hali yako huenda inadai mbili, au inadai nane.

Kuna vyuo zaidi ya 130 vilivyoidhinishwa na COA, lile baraza linalosimamia mafunzo haya Marekani nzima. Tangu Januari 2022 kila anayeanza huingia moja kwa moja kwenye shahada ya udaktari, na masomo huchukua miaka mitatu. Katika miaka hiyo vyuo vingi vinakukataza kufanya kazi au vinakusihi usijaribu. Kabla hujahitimu unatakiwa uwe umeshika kesi za usingizi zisizopungua 600 na saa 2,000 za vitendo. Kwa hiyo unapochagua pa kutuma maombi unachagua mahali ambapo wewe, mwenzi wako na watoto mtaishi kwa miaka mitatu bila mshahara wako. Ukilitazama hivyo, orodha ya vyuo kumi na tano inaanza kupungua yenyewe.

Watu wengi huanza na ada ya fomu. Vyuo vingi vinapokea maombi kupitia NursingCAS, mfumo wa pamoja wa maombi mtandaoni, ambako unalipa ada ya chuo cha kwanza na ada ya ziada kwa kila unachoongeza, na baadhi ya vyuo vina ada yao ya pili juu ya hiyo. Pesa hiyo inauma, lakini muuguzi anayefanya zamu za ziada anaipata. Kinachoisha mapema ni nguvu za watu wanaokuandikia barua, na siku zako za usaili.

Tuanze na barua. Kwa kawaida vyuo vinataka wadhamini watatu, na mmoja wao lazima awe meneja wako wa wodi au msimamizi anayekuona kazini. Kwa vyuo vilivyo ndani ya NursingCAS mdhamini huandika kupitia mfumo huo huo. Ila vyuo vilivyo nje ya mfumo huo humtumia mdhamini kiungo chake mwenyewe, na ndani yake kuna fomu yenye maswali yake: mpe alama huyu muuguzi kwa utulivu, kwa uaminifu, kwa uwezo wa kupokea marekebisho. Muuguzi kiongozi wa zamu ya usiku aliyenidhamini alikuwa akizijaza asubuhi baada ya kukabidhi wodi, koti limeshavaliwa, kahawa imepoa mkononi, na ananiita nimkumbushe tarehe niliyomsaidia na mgonjwa fulani wa moyo ili atoe mfano wa kweli. Mtu wa namna hiyo atakuandikia fomu tatu kwa moyo. Ukimletea ya kumi, ataweka alama za juu kote na sentensi mbili zisizo na uhai, na kamati inayosoma mamia ya fomu itaitambua mara moja. Mwulize mapema anaweza kuandika ngapi. Heshimu jibu lake.

Hapo ndipo tunafika kwenye usaili, na hapa ningependa uniamini kuliko mahali pengine pote. Idadi ya maombi yako isizidi sana idadi ya usaili unaoweza kuuandaa na kuuhudhuria vizuri. Watu hupanga kana kwamba vyuo vingi vitawakataa. Halafu mialiko inakuja minne ndani ya wiki tatu, na bado una zamu za usiku, na meneja amekwisha kupanga ratiba.

Usaili wa vyuo hivi haufanani. Kuna kinachotaka kujua ulivyosuluhisha ugomvi na daktari au ulivyopokea lawama. Kuna kingine kinakuketisha mbele ya walimu watatu na kuanza na mgonjwa. Mimi nilipewa huyu: ana sepsisi (maambukizi yaliyomzidi mwili mzima), yuko kwenye norepinefrini, dawa ya kupandisha presha, dozi inapanda na presha ya wastani bado haifiki 65, unaongeza nini? Nikasema vasopresini. Kwa nini? Nikaeleza kwamba inapita kwenye vipokezi vyake yenyewe, V1, ambavyo si vile ambavyo norepinefrini inavitumia. Inabana nini? Mishipa ya damu. Na damu ikiwa na asidi nyingi? Nikajibu kwamba norepinefrini na wenzake hupoteza makali kwenye asidi, na vasopresini huhimili zaidi. Wakaendelea kuchimba hivyo hivyo, hatua kwa hatua, mpaka nikafika mwisho wa ninachojua na kusema wazi kwamba hapo sijui. Wanatafuta mpaka huo ulipo, na unavyojibeba ukiufikia. Maandalizi ya maswali kama haya yanataka wiki kadhaa za kurudi kwenye fiziolojia na dawa zote unazozitundika kila siku bila kufikiri. Mtu anayeruka kutoka Ohio kwenda Florida kisha Arizona, katikati amelala kwenye kiti cha uwanja wa ndege, anaingia chumbani amechoka, na uchovu huo unasomwa usoni kama kutojali.

Kwa hiyo chukua kalenda yako. Katika miezi ambayo vyuo unavyovitaka hufanya usaili, unaweza kupata siku ngapi za ruhusa? Unaweza kumudu tiketi na hoteli mara ngapi? Baadhi ya vyuo hufanya usaili kwa video na hilo linasaidia. Kama jibu lako ni mara tatu, vyuo vinne vinakutosha. Kama ni mara tano, fika sita au saba.

Sasa jinsi ya kuipunguza orodha. Nakushauri uwe mkali, kwa sababu maombi yasiyotimiza masharti hayasomwi kabisa, hata barua zake ziwe nzuri namna gani. COA inataka angalau mwaka mmoja wa kazi kamili na wagonjwa mahututi, lakini kila chuo kina tafsiri yake juu ya hapo. Wapo wanaotaka miaka miwili. Wapo wasiokubali idara ya dharura, au ICU ya watoto wachanga. Wapo wanaotaka mwaka huo uwe umetimia siku unayotuma fomu, na wengine wanakubali utimie kabla ya masomo kuanza. Tofauti hiyo peke yake huweza kukutoa au kukuingiza. Cheti cha CCRN, kile cha uuguzi wa wagonjwa mahututi, kwa wengine ni sharti, kwa wengine ni nyongeza inayopendeza, na kukifanyia mtihani kwa njia ya miaka miwili unahitaji saa 1,750 za kuhudumia wagonjwa mahututi, 875 kati ya hizo ziwe za mwaka wa mwisho. GRE, mtihani wa kuingilia masomo ya juu, vyuo vingi vimeiacha, lakini kama una alama zake zinadumu miaka 5. Kemia na takwimu ulizosoma zamani sana, kuna vyuo vitakutaka uzirudie.

Kwa sisi tuliosomea uuguzi nyumbani kuna kigingi kingine. Transkripti ya chuo cha Afrika Mashariki lazima itathminiwe somo kwa somo na shirika kama WES au TruMerit (zamani CGFNS), na vyuo havikubaliani ni shirika lipi. Angalia hilo kabla ya kulipa. Halafu hesabu muda wa ofisi ya masjala kule nyumbani kutafuta faili lako, kulipiga muhuri na kulituma kwenye bahasha iliyofungwa. Ofisi moja iliniambia faili langu halionekani, na ndugu yangu ndiye aliyekwenda kukaa kwenye benchi lao mpaka likaonekana. Kama una ndugu wa kufuatilia, mwombe mwanzoni mwa mwaka, na umtumie nauli. Pia angalia kama chuo kinadai TOEFL, mtihani wa Kiingereza, kwa aliyesoma nje, hata kama umefanya kazi Marekani miaka mingi. Vyuo viwili vinavyokubali tathmini ile ile na kukusamehe mtihani huo vina thamani kubwa kwako kuliko vitano vyenye majina makubwa ambavyo kila kimoja kina karatasi yake.

Usichague kwa jina. Kila chuo kinatakiwa na COA kuchapisha kwenye tovuti yake asilimia ya waliofaulu mtihani wa taifa mara ya kwanza, walioacha masomo njiani, na waliopata kazi. Mimi huanza na walioacha. Darasa la watu 20 likipoteza 4, nataka kujua kulikoni, na ni swali halali kabisa kuuliza siku ya wazi ya chuo. Ongea na mwanafunzi wa mwaka wa pili, na umwulize analala wapi wakati wa mazoezi, maana chuo kinaweza kuwa mjini na hospitali za vitendo zikawa mwendo wa saa tatu kwa gari.

Jamii yetu huku imejikusanya sehemu fulani fulani, na hilo litumie. Aliyeko Dallas ana Fort Worth karibu, yenye Texas Christian University na Texas Wesleyan, na Houston kuna Baylor College of Medicine na UTHealth. Aliyeko Minneapolis ana University of Minnesota na Saint Mary's, na Rochester haiko mbali, kwenye Mayo Clinic, ambako mwanzoni mwa karne ya 20 muuguzi Alice Magaw alichapisha taarifa ya kesi zaidi ya 14,000 za usingizi. Mtu aliye maeneo kama hayo anaweza kutuma vitatu au vinne bila kuhamisha mtoto shule, na shangazi wa kanisani au mama wa chama yupo wa kumchukua mtoto saa tisa. Usidharau hilo. Nimeona wanafunzi wenye akili sana wakielemewa kwa sababu walihamia jimbo wasikojua hata jirani. Anayeishi mahali penye chuo kimoja tu, huyo ndiye ninayemwambia afike saba au nane, mradi kila mji alioandika amekwisha kukaa na mume au mke wakakubaliana juu yake.

Kuhusu pesa, hesabu imebadilika. Mkopo wa Grad PLUS, ule wa serikali kuu kwa wanafunzi wa shahada za juu, ambao wengi waliutegemea kufunika kila kitu, umefungwa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026 kwa sheria iliyosainiwa Julai 2025. Kikomo cha kawaida cha mkopo wa serikali kuu sasa ni dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Kozi zilizowekwa kwenye kundi la taaluma maalumu zina 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Karo ya vyuo vingi vya usingizi hupita dola 100,000 kabla hujanunua chakula. Piga simu ofisi ya mikopo ya kila chuo, uulize kozi yao imewekwa kundi gani na wanafunzi wao wanajazia vipi. Aliye kwenye viza ya kazi hapati mkopo wa serikali kuu hata kidogo. Mwenye green card anapata. Chuo ambacho hesabu yake haifungi kitoe kwenye orodha leo, kabla hakijakupa nafasi na kukutia kishawishi. Binti mmoja aliyenijia na vyuo tisa alibaki na vitano baada ya simu hizo peke yake, na uso wake ulikuwa na nafuu.

Je, utume kimoja tu? Najua methali ya mshika mbili, lakini kwa nafasi hizi siikubali, isipokuwa kama huwezi kabisa kuhama na uko tayari kusubiri mwaka mzima na kujaribu tena. Chuo kina viti 25 na waombaji mamia. Unaweza kuwa bora na ukakosa.

Angalia pia miezi ya kuanza. Kuna vyuo vinavyoanza Januari, vingine Mei au Juni, vingine Agosti, na siku zao za mwisho za kupokea fomu zimetawanyika. Ukipanga vyuo vyako vitano visiangukie mwezi mmoja, usaili wa kwanza utakufundisha kwa ajili ya wa pili. Kile unachokitaka sana kisiwe cha kwanza, ikiwa tarehe zinaruhusu. Vipo pia vinavyojaza viti kadiri maombi yanavyoingia, na kwa hivyo fomu ya mapema ina faida, hivyo vitangulize.

Ukipata nafasi, utapewa siku chache za kukubali na kulipa amana ambayo hairudishwi, mara nyingi dola mia kadhaa hadi zaidi ya elfu. Kama umetuma vyuo ambavyo kweli ungekwenda, uamuzi huo unafanywa jikoni jioni moja. Lipa, kisha kesho yake asubuhi waandikie vyuo vingine barua fupi ya shukrani na kujiondoa. Kwenye orodha yao ya kusubiri kuna muuguzi anayetazama simu yake kila mapumziko ya zamu, na kiti chako kinamwendea yeye.